Matofali ya Georgetown: Nani Aliyalipa?

Si zamani nilialikwa kwenye yubile ya parokia moja. Sitaitaja kwa jina, kwa maana sitaki kumwaibisha mtu. Kanisa lilikuwa limepakwa rangi mpya, kwaya tatu ziliimba, mbuzi na ng'ombe walichinjwa. Mlangoni vijana waliuza kitabu kidogo cha historia ya kanisa lile. Nilinunua kimoja, nikakisoma kabla ya Misa kuanza. Nikakuta jina la padri aliyechora ramani ya kanisa, jina la bruda aliyesimamia kazi, jina la askofu aliyelibariki, hata jina la mji wa Ulaya ilikotoka kengele. Kuhusu watu waliofyatua matofali na kuyabeba, maneno mawili tu: "Wenyeji walisaidia."

Kando yangu aliketi mzee mmoja ambaye umri wake wapita miaka themanini. Nikamsomea maneno yale. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwalimu, mimi nilisaidia? Nilikuwa mtoto. Kila asubuhi matofali manne juu ya kichwa, toka tanuru mpaka mlimani. Asiyeleta matofali hakuandikwa kwa ubatizo. Huko ndiko kusaidia?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu: "Pole, baba."

Tangu siku ile neno hilo halikunitoka moyoni. Nililisema katika mkutano wa makatekista. Wengine walikubali. Wengine walinikaripia: Mwalimu, usifukue mambo yaliyokwisha kuzikwa, adui za Kanisa watacheka. Basi leo naandika kuwajibu. Lakini sitaanza na parokia yetu. Jambo la jirani hutupandisha hasira kabla hatujafikiri. Tutazame kwanza jambo la mbali, kwa utulivu, halafu turudi nyumbani. Nitawaonyesha nyumba moja ya kale katika universite ya Kikatoliki huko Marekani, inayoitwa Georgetown.

I. Nyumba yenyewe

Georgetown ni universite ya kwanza ya Kikatoliki katika Marekani. Ilianzishwa mwaka 1789 na John Carroll, askofu wa kwanza wa nchi ile, nayo iko juu ya kilima kando ya mto Potomac, katika mji ambao leo ni sehemu ya Washington. Baadaye Wayezuiti walikabidhiwa kuiongoza, nayo ni universite ya Kiyezuiti hata leo. Nyumba yake ya kwanza kabisa haipo tena. Ilibomolewa mwaka 1904. Katika zile zinazosimama sasa, iliyo ya kale kupita zote ni ya matofali, nayo inaitwa Old North, maana yake Nyumba ya Kale ya Kaskazini. Kazi yake ilianza mwaka 1794. Walioijenga walifuata mfano wa nyumba kubwa ya shule nyingine yenye sifa, ile ya Princeton.

Wageni wakifika pale, husimuliwa habari moja kwa fahari: mwaka 1797 George Washington, Prezida wa kwanza wa Marekani, alikuja kuitembelea shule, akasema na wanafunzi mbele ya nyumba ile. Na kweli alikuja. Tangu hapo wakubwa wengine wengi wamesimama mbele ya mlango ule ule wakahutubia watu.

Habari hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Washington mwenyewe alikuwa na watumwa zaidi ya mia katika mashamba yake ya Mount Vernon. Na mapadri wa Maryland, waliokuwa na shule mikononi mwao, nao walikuwa na watumwa. Walikuwa na mashamba makubwa ya tumbako, ngano na mahindi, yaliyolimwa na watu weusi ambao wazee wao walitolewa Afrika kwa nguvu. Watumwa hawa walibatizwa, wakafunga ndoa kanisani, wakafundishwa sala, wakaenda Misa. Faida ya mashamba hayo ndiyo iliyotegemewa kuisaidia shule. Na shuleni penyewe walikuwapo watumwa waliopika, waliofua, waliochukua maji na kuni. Wengine walikuwa wamekodishwa, na kodi yao ililipwa kwa bwana zao, si kwao.

Basi mtu akiuliza, "Nani aliyesimamisha shule hii?", jibu la haki lina majina mengi kuliko yale yaliyochongwa katika mawe.

II. Deni na bei yake

Miaka ikapita. Mkubwa mmoja wa shule, padri Thomas Mulledy, alitaka kuikuza. Akajenga majengo mengine makubwa; moja lililomalizika mwaka 1833 lilipewa jina lake. Lakini fedha hazikutosha, na deni likawa zito. Baadaye padri huyo akawa mkubwa wa Wayezuiti wote wa jimbo la Maryland. Ndipo likatokea shauri: tuwauze watumwa.

Jambo hili halikufanywa usiku wala kwa siri. Liliandikwa kwenye karatasi. Tarehe 19 Juni 1838 mkataba ulitiwa sahihi. Watu 272 waliuzwa kwa dola 115,000. Wanunuzi walikuwa Henry Johnson, aliyekuwa zamani gavana wa Louisiana, pamoja na Jesse Batey, mwenye mashamba huko. Mtu wa kwanza katika orodha aliitwa Isaac. Walikuwamo wazee, walikuwamo wanawake wenye mimba, walikuwamo watoto wachanga. Katika malipo ya kwanza ya dola 25,000, dola 17,000 zilikwenda kulipa deni la shule.

Sisemi kwamba Old North ilijengwa kwa fedha za mwaka 1838. Nyumba ile ilikuwa imesimama miaka zaidi ya arobaini. Nasema hivi: shule iliyo na nyumba ile iliishi kwa jasho la watumwa tangu mwanzo, na ilipobanwa na deni ililipa kwa kuwauza watu. Si watu wageni, si wapagani wa mbali. Ni Wakristu waliopiga magoti mbele ya altare moja pamoja na waliowauza.

Wengi wao walipakiwa melini wakapelekwa kusini. Meli moja iliitwa Katharine Jackson. Iliwachukua kutoka bandari ya Alexandria mpaka New Orleans. Tangu huko walitawanywa katika mashamba ya miwa na pamba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1848, padri mmoja Mbelgiji, James Van de Velde, aliyewatembelea huko, alimwandikia Mulledy barua kumweleza kwamba watu hawa wameachwa bila msaada wa dini, watoto wao wanakua bila mafundisho, na akaomba fedha ili wajengewe kanisa. Fikirini, ndugu makatekista. Watu waliofundishwa kusali waliuzwa na wale wale waliowafundisha, kisha wakakosa hata mtu wa kuwabatizia watoto.

III. Wasemao: Ndiyo desturi ya wakati ule

Neno la kwanza la wapinzani wangu ni hili: Msiwahukumu watu wa kale kwa mawazo ya leo. Wakati ule kila mtu alifanya hivyo.

Mimi nawajibu: Si kweli kwamba hawakujua. Roma ilipotoa ruhusa ya kuuza, mkubwa wa Wayezuiti wote wa dunia, padri Jan Roothaan, aliweka masharti. Watu wa jamaa moja wasitenganishwe. Waendelee kuwa na nafasi ya kushika dini yao. Wazee na wagonjwa watunzwe. Fedha zisitumiwe kulipa madeni. Je, mtu huweka masharti namna hii kwa mbuzi au kwa magunia ya mahindi? Masharti yenyewe yashuhudia kwamba walijua wanauza watu. Na masharti yakavunjwa. Jamaa zilitenganishwa, deni likalipwa, dini ikasahauliwa. Mapadri wengine wa Maryland waliona ubaya huo kwa macho yao, wakapeleka malalamiko Roma. Mulledy aliitwa kujieleza, akaacha kazi yake ya ukubwa. Lakini miaka saba baada ya biashara ile, mwaka 1845, alirudi tena kuwa mkubwa wa shule. Waliouzwa hawakurudi.

Tena, mwaka 1839, mwaka mmoja tu baada ya mauzo yale, Baba Mtakatifu Gregori XVI alitoa barua ya kukataza biashara ya watumwa. Na ilipofika Marekani, askofu mmoja mwenye sifa kule aliandika kueleza kwamba barua hiyo yahusu biashara ya kuleta watu kutoka Afrika tu, haihusu utumwa uliopo nyumbani. Hivyo ndivyo moyo wa mtu unavyofanya: akisikia amri, hutafuta kwanza mlango wa kutokea. Nasi twafanya vile vile. Kwa hiyo siwahukumu kama mtu aliye safi. Nasema tu kwamba desturi haifuti dhambi. Kama desturi ingeifuta, tungefundisha amri za Mungu kwa faida gani? Mtu akija kuungama na kusema, "Padri, nimeiba, lakini katika kazi yetu wote huiba", je, padri atamwambia aende zake hana kosa?

IV. Wasemao: Aibu ya mama haifunuliwi

Neno la pili lina nguvu zaidi, kwa sababu linatoka katika mapendo. Wanasema: Kanisa ni mama yetu. Mtoto mwema hamvui mama nguo mbele ya watu.

Nakubali kwamba Kanisa ni mama. Lakini waliouzwa nao walikuwa watoto wa mama huyo. Kwa nini heshima ya mwenye kuuza ilindwe, na jina la aliyeuzwa litupwe? Kufunika hivyo ni kuwapendelea watoto wengine na kuwatupa wengine.

Tumesoma sote, tangu vitabu vya shule, namna kardinali Lavigerie alivyozunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya utumwa katika Afrika, na namna Mapadri Weupe walivyowakomboa watumwa kando ya Tanganyika. Habari hiyo ni kweli, nami huifundisha kwa furaha. Lakini kutoka 1838 mpaka 1888 ni miaka hamsini tu. Mtoto aliyeuzwa pamoja na mama yake kutoka Maryland aliweza kuwa hai siku Lavigerie alipohubiri. Tukifundisha ya mwaka 1888 na kuficha ya mwaka 1838, twawapa watoto wetu kijiti kikavu cha kuegemea. Siku watakaposikia habari nyingine kinywani mwa adui wa Kanisa, kijiti kitavunjika, wao wataanguka. Si afadhali waisikie kwetu sisi, pamoja na maneno ya toba?

Na mafundisho ya dini yanatuambia wazi namna ya kufanya. Kitubio kina mambo matatu kwa upande wa mwenye dhambi: majuto, maungamo na malipizi. Moja likikosekana, kazi haijaisha. Tuone sasa Georgetown imefanya nini.

Kwa muda mrefu ilinyamaza, ingawa karatasi za mauzo zilikuwako na wataalamu walizijua. Mwaka 2015 wanafunzi walikwenda kukaa mbele ya ofisi ya mkubwa wa universite, wakidai jina la Mulledy na la mwenzake McSherry, aliyeshiriki katika shauri lile, yaondolewe katika majengo. Yakaondolewa. Tarehe 18 Aprili 2017 palifanyika ibada ya toba. Wakubwa wa universite na wa Wayezuiti wakaomba msamaha mbele ya wazao wa wale waliouzwa. Siku ile jengo moja liliitwa Isaac Hawkins, yule wa kwanza katika orodha. Jengo la pili liliitwa Anne Marie Becraft, mwanamke mweusi aliyefungua shule ya wasichana weusi katika mji wa Georgetown, kisha akawa mtawa Baltimore. Mwaka 2019 wanafunzi wenyewe walipiga kura: theluthi mbili walikubali kila mmoja atoe dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya wazao wale. Mwaka 2021 Wayezuiti wa Marekani waliahidi kutafuta dola milioni 100.

Je, Kanisa lilianguka kwa sababu ya maungamo hayo? Halikuanguka. Old North bado inasimama. Majuto tumeyaona, maungamo tumeyasikia. Kuhusu malipizi, nasema bila kuogopa: ahadi si malipo. Anayemwambia padri "nitarudisha" bado hajarudisha. Waliouzwa hawakulipwa kwa ahadi; waliowauza walipokea dola.

V. Wasemao: Basi nyumba ibomolewe

Wako wengine wanaosimama upande wa pili kabisa. Ni hasa vijana wenye masomo. Wanasema: Kama nyumba hizi zimejengwa kwa jasho la watumwa, zibomolewe, na dini iliyowauza itupwe pamoja nazo.

Hawa nawaonea huruma, lakini nawapinga vile vile. Mosi, tofali lililobebwa na mtumwa ni ushahidi wake. Mkilivunja, mmefuta alama ya mkono wake, mmewasaidia wale waliotaka asahauliwe. Pili, mwasema dini ile ni ya waliouza. Nani amewaambia? Kijana mmoja aliyeuzwa aliitwa Cornelius Hawkins. Alikuwa na umri wa miaka 13 alipopelekwa Louisiana. Aliishi mpaka akauona mwisho wa utumwa, akafa mwaka 1902, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki huko Maringouin. Mtu huyu aliuzwa na mapadri, lakini hakumpa padri ruhusa ya kumnyang'anya Kristu. Imani ilikuwa yake. Mtu asimnyang'anye leo mara ya pili.

Tatu, mtazameni Patrick Healy. Mama yake, Mary Eliza, alikuwa mtumwa wa baba yake katika Georgia, na kwa sheria ya kule watoto nao walihesabiwa watumwa. Patrick akawa Myezuiti, akasoma Leuven katika Ubelgiji, akapata cheo cha udaktari mwaka 1865. Ni universite ile ile iliyozaa kwetu Lovanium mwaka 1954. Tangu mwaka 1874 mpaka 1882 alikuwa mkubwa wa Georgetown. Jengo kubwa lenye mnara, ambalo wageni huliona kwanza, ni kazi yake; Old North iko nyuma yake. Lakini maisha yake yote wengi walimdhani mzungu, na asili ya mama yake haikutajwa. Mwana wa mtumwa aliiongoza nyumba iliyouza watumwa, na hakuweza kulitaja jina la mama yake waziwazi. Ubaya wa kuficha ni huo: hata heshima ikipatikana, inapatikana kwa kukana.

VI. Turudi kwetu

Sasa turudi nyumbani. Mtu asiniambie kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Mwaka 1905 tume iliyotumwa kuchunguza Kongo ya Leopold II ilitoa ripoti yake, nayo ililaumu hata mashamba ya watoto ya misioni ya Kisantu, ambako watoto waliitwa yatima, wakalimishwa, na wengi wao hawakuwa yatima. Mapadri walijitetea, na mabishano yalikuwa makali. Lakini ripoti ipo.

Sisemi matofali ya parokia ile ya yubile na watumwa wa Maryland ni jambo moja. Sivyo. Mzee wangu hakuuzwa. Alirudi jioni kwa mama yake, akala ugali wake. Tena kanisa lile ni lake. Alibatizwa humo, akafunga ndoa humo, anataka azikwe toka humo. Kosa si kubwa sawasawa, lakini ugonjwa ni mmoja. Ni ule wa kuandika majina ya wenye amri na kuwaita wenye mabega "wenyeji". Ugonjwa huo ukiachwa mdogo, hauwi mdogo siku zote.

Basi naomba mambo matatu, kufuata sehemu tatu za kitubio.

La kwanza ni majuto. Tusijivunie nyumba ya kale kabla hatujauliza jasho ni la nani. Swali hilo liulizwe katika kila yubile, na mwenye kuliuliza asiitwe adui.

La pili ni maungamo. Kila shirika lichukue kaye moja, lichague kijana mwenye mwandiko mzuri, aende kwa wazee. Aandike majina: nani alifyatua, nani alichoma tanuru, nani alibeba, nani alivunjika mguu, nani alikufa kazini. Aandike na majina ya mama zetu waliochota maji ya udongo, maana hao husahauliwa mara mbili. Majina hayo yasomwe Misani siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 2 Novemba, na yachapwe katika kitabu pamoja na majina ya mapadri. Padri aliyefanya kazi njema hatapungukiwa na kitu kwa kuandikwa jirani ya mbeba matofali.

La tatu ni malipizi, nalo ndilo tunalolikimbia. Kama mjane wa mtu aliyebeba matofali analala chini ya nyumba inayovuja, komite ya parokia isinunue maikrofoni mpya kwanza. Na kama leo hii mlinzi, mpishi au mwalimu wa parokia hajapata mshahara wake wa miezi mitatu, tusiseme juu ya dhambi za Georgetown. Katekismu ya zamani inahesabu kumnyima mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazolilia mbinguni. Tuliifundisha hiyo kwa watoto. Tuifundishe na kwa komite.

Mimi nimeanza. Juma lililofuata yubile nilirudi kwa yule mzee, nimechukua kaye na kalamu. Tuliketi chini ya mwembe tangu saa tatu mpaka jua kali. Alinipa majina kumi na tisa ya kijiji chake peke yake. La mwisho alitaja lake mwenyewe, akaniambia nilisome, apate kuhakikisha kwamba nimeliandika vizuri. Nikalisoma. Akasema: "Sasa endelea kwa Mama wa nyumba ya pili. Yeye anayajua ya wanawake."

Ndugu wasomaji, wazee hawa hawatatungoja. Andikeni.

Katekista wenu